Ubatizo wa Babu

Katika kanisa letu la Kianglikana huko Ugogo, miaka ya 1980, wazee wenye wake wawili au watatu walisali nasi, wakaimba, wakatoa sadaka. Watu walipokwenda kwenye Meza ya Bwana, wao walibaki wamekaa. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Bibi zangu wote wawili walibatizwa, yeye alikataliwa. Msimamo huo ulikuwa wa zamani: maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, mwaka 1888 waliamua kwamba mwenye wake wengi asibatizwe, ila wake zake wangeweza kupokelewa.

Mwinjilisti alimwonyesha Babu njia moja tu, amwache bibi mdogo. Alimsomea Mwanzo, pale wawili wanapokuwa mwili mmoja. Babu, aliyeyajua Maandiko kwa kusikia tu, akamkumbusha Malaki, ambako Mungu anachukizwa na mtu kumwacha mkewe.

"Mwalimu, nikimfukuza huyu mama ili nibatizwe, dhambi hiyo nitaitubia wapi?"

Swali hilo lilikaa nyumbani kwetu miaka. Bibi mdogo angekwenda wapi? Wazazi wake walishafariki, mahari ilishaliwa, na watoto wangebaki kwa baba yao.

Mwaka 1988 maaskofu walikutana katika Mkutano mwingine wa Lambeth, safari hii sauti za Waafrika zikiwa na uzito. Wakaamua kwamba mwenye wake wengi anaweza kubatizwa pamoja na wake na watoto wake walioamini, bila kulazimishwa kumwacha yeyote, kwa sababu ya dhiki ambayo wanawake wangeipata. Sharti ni kwamba asioe mke mwingine wake zake wakiwa hai, na Wakristo wa mahali pake waridhie.

Kasisi alipowauliza washarika, bibi mkubwa ndiye aliyesimama kwanza. Alisema mwenzake ndiye aliyemuuguza alipokaribia kufa, na hataki wokovu wa mumewe ulipwe kwa machozi ya mwanamke huyo.

Babu akabatizwa.

Siku hizi katika jumuiya yetu wapo wanaume wanaotaja uamuzi ule wa 1988 kutetea nyumba ndogo walizozificha mjini. Huwa nawapinga bila kusita. Uamuzi ule ulimlinda mke aliyeolewa hadharani kabla mumewe hajaijua Injili; haukumpa Mkristo ruhusa ya kumdanganya mke wa ndoa.