Kinga Iliyotundikwa Ukutani

Nilijifunza useremala Lukozi, Tanzania, kwa baba mdogo, zama za msumeno wa mkono, randa na patasi. Mbao za paini na sipresi zilishuka kutoka misitu ya Shume. Kujikata tulijikata, lakini msumeno wa mkono huendeshwa na bega lako mwenyewe: ukihisi maumivu, umeshasimama.

Mashine zilianza kuja kwa jenereta, kisha umeme wa gridi ukazieneza. Mlango uliochukua siku kadhaa ukawa kazi ya siku moja, wateja wakaongezeka, na majeraha yakabadilika sura. Mbao yenye fundo au unyevu hubana msumeno wa duara, ukairusha nyuma kwa ghafla, na mkono uliokuwa ukiisukuma ukaangukia kwenye meno. Grainda ya kukatia chuma ikifungwa diski ya meno ili ipasue mbao, humrukia aliyeishika. Hata glovu, tulizodhani zinatulinda, hunaswa na kinachozunguka zikavuta na vidole.

Baba mdogo alikatia kila mwanafunzi kijiti cha kusukumia mbao. "Mwanangu, vidole visifike mbele," alisema. Karakana niliyohamia baadaye haikuwa na desturi hiyo. Kinga ya msumeno ilikuwa imevuliwa kwa sababu inachelewesha kazi. Mwenzangu alipoteza vidole viwili. Tajiri alilipia kufunga kidonda, akasema, "Ajali haina kinga." Ile ilikuwa nayo: ilitundikwa ukutani.

Siku hizo fidia ya ulemavu wa kudumu kisheria haikuzidi shilingi 108,000, na mwenzangu hata hizo hakuziona. Alirudi kulima viazi. Baadaye ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wa Fidia, WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Sasa mwajiri huchangia, na mfanyakazi aliyeumia hulipiwa matibabu na kufidiwa kulingana na mshahara wake.

Lakini kijana anayelipwa kwa siku bila mkataba wala jina kwenye daftari hupata tabu kuthibitisha hata kwamba alikuwa kazini. Enyi wenye karakana, waandikisheni vijana wenu, rudisheni kinga kwenye mashine, na msimwachie mwanafunzi msumeno kabla hajafundishwa. Mlango ukichelewa, mteja atasubiri. Kidole kilichokatwa hakioti tena.