Piza ya Kukaanga ya Napoli

Nilipokwenda Napoli kusoma L'Orientale, chuo kikuu ambacho kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, nilipanga chumba Quartieri Spagnoli, kwenye vichochoro vinavyopanda kutoka Via Toledo. Chini yangu aliishi bibi mmoja katika basso, chumba kimoja ambacho mlango wake unafungukia mtaani. Jioni alipobandika karai la mafuta mlangoni, mtaa mzima ulijua.

Alikuwa akiuza pizza fritta, piza ya kukaanga. Alitandaza duara mbili za unga ulioumuka, akaweka katikati jibini laini ya ricotta, vipande vya mafuta ya nguruwe na pilipili manga nyingi, kisha akafunika na kubana kingo kwa ncha za vidole. Piza ilizama kwenye mafuta, ikaibuka, ikafura kama mpira, naye akaimwagia mafuta ya moto kwa upawa ili juu nako kuive kabla hajaigeuza. Mizani hakuwa nayo. Aliubonyeza unga kwa kidole, ukirudi polepole alijua uko tayari. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Chakula hiki kilishamiri baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mabomu yalikuwa yamebomoa tanuri nyingi, na jibini ya mozzarella na nyanya zilikuwa ghali. Kukaanga kulitaka jiko, karai na mafuta tu, na hewa ya moto ilikifanya kipande kidogo kionekane kikubwa. Wanawake wakauza milangoni mwao kwa mtindo wa kula leo na kulipa baada ya siku nane. Vittorio De Sica aliuonyesha mtindo huo katika filamu yake *L'oro di Napoli* ya 1954, Sophia Loren akiwa muuza piza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini pale deni lilijenga ujirani: aliyedaiwa alirudi, akalipa, akakopa tena. Mwisho wa mwezi, nami niliandikwa katika daftari la bibi yule.

Kisha mtaa ukageuka. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza sanaa ya wapika piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwanasoka Maradona, aliyewahi kuichezea Napoli, alipofariki Novemba 2020, picha yake iliyochorwa kwenye ukuta wa Quartieri Spagnoli mwaka 1990 ikawa kama mahali pa hija. Timu ya Napoli ilipotwaa ubingwa wa Italia mwaka 2023, vichochoro vikafurika watu. Basso nyingi zikageuzwa vyumba vya watalii.

Bibi ameshafariki. Mjukuu wake ana duka dogo la piza hiyohiyo, ila unga anaupima kwa mizani, maana wateja ni wengi na wasaidizi wake hawakulelewa jikoni mwa bibi. Watu hulipa kwa kadi. Daftari halipo tena.

Simlaumu hata kidogo. Fedha za wageni ndizo zilizomwezesha kubaki na kazi ya ukoo wake, na piza yake ni tamu kwelikweli. Ninachokihofia ni vile vyumba vya watalii. Mapishi ya ukoo humwingia mtoto anayekulia kando ya karai, anayeona vidole vikibana kingo, anayepewa donge lake la kwanza alijaribu hata akiliharibu. Basso ikishapangishwa kwa watalii, mtoto huyo hukulia kwingine, mbali na karai. Anayetaka kuilinda piza hii na aanze kwa kulinda makazi ya wanaoikaanga.