Mahali pa Kukosea Pasipo na Jeraha



Juma hili tumependa kutafakari pamoja nanyi jambo analolijua kila mwenye kazi ya mikono: mtu hujifunzia wapi, na ni nani anayelipa gharama ya kujifunza kwake? Seremala anayeanza huharibu ubao, na mpishi anayeanza huunguza wali. Je, daktari wa upasuaji anayeanza huharibu nini?

Tuanze na jambo dogo la nyumbani. Mwaka uliopita spika ya kushoto ya redio yetu katika nyumba ya mapadre ilinyamaza kabisa. Kila aliyepita sebuleni alikuwa na dawa yake: mmoja alitikisa waya, mwingine alishauri tununue amplifaya mpya. Kijana fundi aliyekuja alizima umeme kwanza, kwa kuwa ncha za waya zikigusana wakati amplifaya inafanya kazi, huweza kuiunguza. Kisha, nyuma ya amplifaya, alibadilishana waya za spika: wa kushoto ukaenda kulia, na wa kulia kushoto.

"Padre," alisema, "ukimya ukibaki kwenye spika ileile, ugonjwa umo katika spika hiyo au waya wake. Ukihamia spika ya pili, basi spika zote ni nzima, tutafute nyuma zaidi."

Ukimya ulihama. Akazima tena, akarudisha waya mahali pake, akabadilishana plagi mbili zinazoleta sauti kutoka kwenye mashine ya sidii. Ukimya ukahama tena. Kwa hiyo amplifaya nayo ilikuwa nzima. Alipoweka waya mwingine wa sidii, sauti ilirudi. Waya wa zamani ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, mahali ambapo jicho halifiki.

Tulijifunza kwamba fundi hodari habadilishi mambo mawili kwa pamoja, maana akifanya hivyo hatajua ni lipi lililoponya. Lakini tuligundua pia kwamba kijana yule alikuwa na raha ambayo wengine hawana. Kila jaribio lake liliweza kurudiwa. Redio haitoi damu.

Miezi michache baadaye tulimtembelea mzee mmoja hospitalini. Alikuwa ameambiwa kwamba daktari aliye masomoni atashiriki katika upasuaji wake. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Padre, mimi ndiye nitakayejifunziwa?" Hatukulicheka swali lile, wala hatukuwa na jibu jepesi. Daktari asipojifunza, kesho hakuna wa kututibu. Na mzee yule hana mwili wa akiba.

Madaktari wenyewe wamelipima swali hilo. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kuutazama upasuaji mara moja, kuufanya mara moja, kisha kuufundisha. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walitoa matokeo kuhusu madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji. Baadhi yao walifanya mazoezi kwenye simuleta, yaani mashine ya kompyuta inayoigiza upasuaji. Hawakupimwa kwa saa walizokaa. Walirudia mpaka wafikie kiwango cha mabingwa. Wengine walifuata mafunzo ya kawaida. Kisha wote waliwafanyia wagonjwa upasuaji wa kuondoa kifuko cha nyongo kupitia matundu madogo. Waliopitia mashine walikitenganisha kifuko hicho kwa kasi kubwa zaidi kwa asilimia 29. Wale wengine walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kukijeruhi kifuko au kuunguza nyama isiyohusika.

Roboti za upasuaji zimeongeza uzito wa jambo hili. Ile iitwayo da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000, humketisha daktari kando ya mgonjwa, macho yakitazama picha yenye kina, vidole vikiongoza mikono ya chuma. Roboti hutuliza mtetemo wa mkono. Hata hivyo, kwa miaka mingi haikumpa daktari hisi ya kugusa: uzi ukikazwa kupita kiasi, vidole havikujua, ikabidi macho yajifunze kuona mkazo. Ni toleo la mwaka 2024 lililoanza kurudisha hisi hiyo.

Kwa hiyo mwanagenzi huanza kwenye simuleta. Hupitisha pete juu ya waya uliopinda, hushona kitambaa cha kuigiza, naye mashine humhesabia: vifaa viligongana mara ngapi, nguvu ilizidi wapi, chombo kilitoka machoni pake lini. Huangusha pete mara mia, na hakuna anayelia.

Nasi mapadre tuliwahi kuketi mahali pa namna hiyo. Seminarini, kabla ya kupewa daraja, mwalimu alijifanya mwenye kutubu, nasi tukafanya mazoezi ya kusikiliza maungamo. Halikuwa sakramenti. Lakini maneno makali yaliyokaribia kututoka yalikutana na mwalimu aliyeweza kuyasahihisha, kabla hayajamfikia mtu aliyevunjika moyo.

Mashine haimfundishi mtu yote. Haina hofu ya mgonjwa wala ndugu wanaosubiri mlangoni. Hayo hujifunzwa ubavuni mwa mkubwa wa kazi, aliye tayari kuupokea usukani. Lakini anayemfikia mgonjwa baada ya kukosea kwingi kusikoumiza mtu, amemheshimu mgonjwa huyo kabla hajamwona.

Mzee wetu tulimshauri amwulize daktari mambo mawili: umejifunzia wapi, na nani atasimama nawe? Nanyi wenye wanagenzi, katika karakana, jikoni au ofisini, mmewaandalia mahali gani pa kukosea?

Tunawatakia juma jema.