Babu na Majina Yake Matatu

Mwaka 1997, kabla mvua za El Niño hazijaanza, godauni moja ya chai kule Shimanzi, Mombasa, ilikuwa ikichukua watu langoni kila alfajiri. Mnyapara alikusanya vipande vyetu, akavitia ndooni, kisha akaanza kuita majina. Asiyeitwa alirudishiwa kipande chake akajaribu lango jingine. Jioni foleni kwa karani: unatia gumba kwenye wino, unalipwa ya siku hiyo, basi. Ya kesho Mungu anajua.

Mimi nilikuwa nikihesabu magunia yanayopakiwa kwenye kontena, na meza yangu ilipakana na ya karani. Ndiyo maana niliyaona madaftari. Palikuwa na mzee mmoja wa upande wa Kaloleni, sote tukimwita Babu, aliyepanga chai pale tangu ingali inakuja kwa masanduku ya mbao. Daftarini Babu alikuwa watu watatu. Mwezi huu jina lake, mwezi ujao la babake, wa tatu la ukoo ambalo hata mwenyewe hakulitumia. Sheria ya Ajira ya wakati ule ilimhesabu kibarua kuwa mtu alipwaye mwisho wa siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kwa hiyo kila jioni Babu aliachishwa kazi na kila asubuhi akaajiriwa upya, miaka nenda miaka rudi, bila likizo wala notisi. Yale majina yalikuwa kinga tu, endapo atatokea wa kuuliza.

Akatokea. Rundo la magunia lilimporomokea Babu likamvunja mguu, na meneja akasema hamfahamu. Bintiye akaenda ofisi ya leba. Afisa aliyekuja, kijana mwenye shati lililolowa jasho, hakubishana na mtu. Aliyafungua madaftari juu ya meza yangu, akaiacha safu ya majina, akafuata safu ya alama za vidole. Gumba la Babu lilikuwa na kovu la panga, mstari mweupe katikati ya wino, ukurasa baada ya ukurasa.

"Huyu mzee majina anayo mengi," alisema, "lakini gumba analo moja."

Fidia ya mguu ililipwa. Sheria ya fidia ilimwacha nje kibarua pale tu kazi yake ilipokuwa haihusiani na biashara ya mwajiri, na hapa biashara ilikuwa chai yenyewe. Lakini kwa miaka yote aliyotumika hakupata hata senti. Sheria moja ilimwona mtu wa kampuni, nyingine ikamwona mpita njia. Hilo mpaka leo linanikera.

Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, ingemfaa. Kwa kifungu cha 37, kibarua akifanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja, ajira yake hugeuka kuwa ya mwezi, na notisi juu yake. Babu alikuwa keshafariki.

Mjukuu wake sasa yuko magodauni hayo hayo. Ana mkataba wa maandishi, ila umetolewa na kampuni ya kukodisha watu: miezi mitatu, wiki moja nyumbani, kisha mwingine. Juzi alikuja nao wote ndani ya mfuko wa nailoni, akaniuliza mwajiri wake hasa ni nani. Nikamwambia swali hilo alipeleke mahakama ya kazi, na asikawie, maana madai ya namna hii yana miaka 3 tu.