Ovaroli Isiyo na Mfuko

Noti ya dola ina uzito wa gramu moja. Iwe ya dola 1 au ya dola 100, uzito ni uleule. Kwa hiyo dola milioni moja kwa noti za mia ni kilo 10, mzigo ambao mtoto wa darasa la nne anaubeba akitumwa unga dukani. Kwa noti za 20, zile zinazotoka kwenye ATM, ni kilo 50, mfuko mzima wa saruji. Hesabu hii niliifanya usiku wa kwanza wa mradi wangu wa shahada ya uzamili, kwa sababu roboti ya kubeba mzigo huanza kubuniwa kwa uzito wa mzigo wenyewe.

Ninasoma uhandisi Las Vegas. Kundi letu la wanafunzi wanne lilichukua kazi ya kubuni roboti inayojiendesha ya kukusanya fedha za kasino: iingie ukumbini alfajiri, ipokee visanduku vya noti kutoka kwenye mashine za kamari, ivifungie tumboni, ivifikishe chumba cha kuhesabia bila mtu kuisukuma. Nyumbani Dar nilisema tu kwamba ninatengeneza roboti. Neno kasino sikulitamka kwenye simu. Mama yangu ni mwanamke wa kanisa na vocha ni ghali.

Kila mashine ya kamari ina kisanduku chake, kimejificha nyuma ya ule mdomo unaomeza noti. Mchezaji akiingiza noti, kifaa kinaikagua, kinaikubali, kinailaza juu ya wenzake. Zamani kulikuwa na sarafu pia, ndoo kwa ndoo, lakini kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 mashine zilianza kulipa kwa tiketi ya karatasi yenye msimbopau. Ule mlio wa sarafu zinazomwagika unaousikia kasino leo unatoka kwenye spika.

Visanduku hutolewa kwa ratiba ambayo kasino za Nevada huiwasilisha kwa wasimamizi wa serikali. Huwa ni alfajiri, wachezaji wakipungua. Timu inapita safu kwa safu na toroli: huyu anafungua mlango wa mashine, yule anachomoa kisanduku kilichojaa na kuchomeka kitupu, mlinzi amesimama, kamera ziko darini. Wenyewe kazi hiyo wanaiita dropu. Ufunguo unaochomoa kisanduku si ule unaokifungua. Anayebeba hawezi kufungua. Baadaye, ndani ya chumba cha kuhesabia, watu wasiopungua watatu wanakaa kwenye meza inayopenyeza mwanga, wamevaa ovaroli zisizo na mfuko hata mmoja, na kila mtu anapotaka kuondoa mikono mezani, hata kwa kujikuna pua tu, anaikunjua kwanza viganja juu, kisha chini, kamera ione.

Nilizisoma kanuni hizo nikitafuta uzito, umbali na muda, vitu ambavyo mhandisi anavihitaji. Nilichokuta, ukurasa baada ya ukurasa, ni nani anamwona nani. Nani asiwe ndugu wa idara moja na nani. Nani atie sahihi, mbele ya nani. Kubeba kwenyewe kumetajwa kwa kupita tu.

Sisi tulikuwa tumejikita kwenye kubeba. Na kubeba kuna utamu wake, sitadanganya. Ghala ni rahisi: Amazon iliinunua kampuni ya roboti za ghalani, Kiva, mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na roboti zile zikapewa sakafu tupu isiyo na mlevi. Kasino ni ukumbi wa wachawi. Kuna vioo kila mahali, na leza ya roboti ikigonga kioo hairudi inavyotakiwa, kwa hiyo roboti inaona safu nyingine ya mashine upande wa pili wa ukuta na kutaka kwenda kuihudumia. Zulia ni nene. Gurudumu linateleza kidogo tu, lakini makosa yanajumlishana, na baada ya mita mia mbili roboti ina uhakika kabisa kwamba ipo mahali ambapo haipo. Viti vinasogezwa saa zote. Kuna wazee kwenye viti vya umeme ambao hawampishi mtu. Na kuna yule jamaa wa saa kumi alfajiri, ameshapoteza kila kitu, anayetaka kukumbatiana na roboti na kupigwa picha.

Kuchomoa kisanduku tuliamua kumwachia binadamu, maana mlango wa mashine haukubuniwa kwa mkono wa chuma. Roboti yetu ilibaki kuwa sefu yenye magurudumu: inakufuata, inasoma msimbopau wa kila kisanduku, inakipima, inakifunga, inaandika kumbukumbu. Kwenye jedwali letu la gharama timu ya watu watano ikawa ya wawili. Safu ile ya jedwali ilikuwa na rangi ya kijani.

Mmoja wa wale watano nilikutana naye msibani. Watu wa Afrika Mashariki hapa Las Vegas tunajuana kwa misiba zaidi ya harusi. Mtu akifiwa nyumbani, ukumbi unakodiwa, daftari la michango linafunguliwa. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau nikatambulishwa kwa mama wa makamo kutoka Tanga. Jina lake nimeahidi kutoliandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayesomea maroboti?"

Habari zilikuwa zimeshamfikia. Yeye yuko kwenye timu ya dropu, mwaka wa kumi na moja sasa. Alikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, ile inayoendeshwa na serikali yenyewe, na huwa anasema ndiyo kamari pekee aliyowahi kucheza na akashinda. Nilimweleza roboti yetu nikijiandaa kukasirikiwa. Akanisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

"Toroli lichukueni hata leo. Nitalifunga na utepe niwaletee hapo chuoni." Akanionyesha kifundo cha mkono kilichovimba, akanieleza mgongo, akanieleza jinsi vidole vinavyokufa ganzi kwa kuchomoa visanduku mia kadhaa kabla jua halijachomoza. Hana mapenzi na toroli hata kidogo. Halafu akauliza: "Sasa hao watatu mnaowatoa, kazi yao mlidhani ni kusukuma?"

Akanisimulia usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita. Hesabu ilikuja na upungufu wa kisanduku kimoja. Timu nzima ilizuiwa, hakuna kwenda nyumbani, hakuna simu. Macho yakamwangukia yeye kwa sababu safu ile alikuwa akiishughulikia yeye, na, alisema bila kupandisha sauti, kwa sababu alikuwa mgeni kuliko wote. Mwenzake, mama wa Kifilipino aliyekuwa akisukuma toroli, alikaa kwenye kiti akakataa kubadili maneno: nilimwona anakiweka, kiliingia rafu ya pili. Video ikarudishwa nyuma mara nyingi. Mwisho kisanduku kikaonekana kwenye toroli la vitupu, kimewekwa kimakosa na mtu wa tatu. Karibu saa tatu zilikuwa zimepita. Hakuna aliyemwomba radhi.

"Yule Mfilipino ndiye aliyenirudisha kazini," akasema. "Roboti yenu ingesema nini?"

Nilimjibu kama mhandisi. Ingesema ukweli: ingekuwa na uzito, msimbopau, saa, picha. Ingemaliza mambo kwa dakika mbili, na zile saa tatu asingekaa. Hilo bado ninaliamini, na si jambo dogo. Mtu anayeshukiwa bure anahitaji rekodi kuliko mtu yeyote.

"Ingemwambia nani?" akauliza.

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani pamoja na pilau ya kufunga. Rekodi ya roboti ingeingia kwenye kompyuta ya kasino, ikasomwa na msimamizi wa kasino, ikafutwa kwa ratiba ya kasino. Mama wa Kifilipino hakuwa mali ya mtu. Angeweza kunyamaza akaokoa muda wake, na hakunyamaza.

Mji huu una historia yake kuhusu mashine zinazoaminiwa. Hoteli ya Stardust, iliyobomolewa mwaka 2007, ndiyo iliyompa Martin Scorsese kisa cha filamu ya Casino ya 1995. Watu wanaikumbuka filamu kwa damu na magauni. Mimi ninaikumbuka kwa mizani. Mwaka 1976 maofisa wa michezo ya kubahatisha wa Nevada walivamia Stardust wakagundua kwamba sarafu za mashine, zilizokuwa zikihesabiwa kwa kupimwa uzito, zilipimwa kwa mizani iliyorekebishwa isome pungufu. Tofauti haikuandikwa popote. Iligeuzwa noti humohumo ndani ya jengo, ikaondoka. Ukimwuliza mizani, angekupa namba kwa utulivu kabisa, namba ileile kila mara. Hakuna mtu aliyechomoa sarafu mbele ya mwenzake. Aliyeshika bisibisi ndiye aliyeiba, na alishika kwa niaba ya wakubwa.

Kanuni za leo, na ovaroli zile, na mikono ile inayokunjuliwa, zinatokana na hofu ya aina hiyo: mwizi wa kasino anaweza kuwa mwenye kasino. Ndiyo maana macho mengi, ya watu wasiopendana sana.

Kwetu Dar dubwi la dukani halina sherehe hizi. Mwenye mashine anakuja na pikipiki, anafungua kwa ufunguo wake, sarafu za mia mbili mbili zinamwagwa kaunta, mwenye duka anapewa chake, nusu ya mtaa inatazama. Nimewahi kuwacheka. Lakini wale watoto waliojazana mlangoni kwa kukosa adabu walikuwa wanafanya kazi ambayo Nevada inailipia mishahara.

Nilipendekeza kwenye kundi tuongeze kitu: kila mwisho wa zamu, nakala ya kumbukumbu ya roboti, iliyotiwa muhuri wa kidijitali ili isibadilike, iende kwa msimamizi wa serikali na kwa wafanyakazi wenyewe. Kiufundi si kazi ngumu, ni wiki mbili za programu. Wenzangu walikubali. Mhadhiri akaandika pembeni kwamba ni wazo zuri ila liko nje ya mipaka ya mradi, kwa kuwa anayenunua roboti ni kasino. Sikumlaumu, amesema kweli kuhusu anayenunua. Sehemu ile nimeiacha kwenye tasnifu, sura ya tano, na safu ya kijani nimeiondoa rangi.

Mwaka 2023 nilidhani ungenisaidia kwenye hoja. Septemba ile wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya MGM Resorts, wakiwa wameanza na kuwalaghai watu wa dawati la msaada, na kampuni yenyewe ikakadiria hasara ya dola milioni 100. Mashine zilizima, wafanyakazi wakawalipa washindi kwa mkono. Nilimpelekea Mama habari hiyo kama ushahidi kwamba watu bado wanahitajika. Hakuvutiwa. "Kwa hiyo tubaki kama spea taili," akasema.

Yeye alikuwa anatazama kitu kingine cha mwaka huohuo. Novemba 2023 chama cha Culinary, Local 226, chenye wanachama wapatao 60,000, wapishi, wahudumu, wasafisha vyumba, kilipata mikataba mipya na makampuni makubwa, na humo kuna vifungu vya teknolojia: mwajiri atoe taarifa mapema kabla ya kuileta, na anayeondolewa na mashine alipwe dola 2,000 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mama alipiga hesabu yake, miaka kumi na mmoja, dola 22,000. Kisha akakumbuka kwamba timu yake haimo kwenye mkataba wowote. Anayesafisha zulia ambalo roboti itapita ana kifungu. Anayetembea na fedha hana.

Mwezi uliopita kasino yake ilitangaza kikao cha timu kuhusu "vifaa vipya". Si roboti yetu. Yetu bado inagonga meza za maabara. Jumapili nilienda kwake, akakaanga samaki, tukaandika maswali, kwanza kwa Kiswahili ili yawe yake, kisha nikayageuza Kiingereza. Anataka kujua kumbukumbu zitakaa wapi na kwa muda gani. Anataka kujua kama mfanyakazi anayeshukiwa ataonyeshwa alichokiona roboti, au ataambiwa tu. Nilitaka kuweka swali la saa za kazi juu kabisa, akalisogeza chini, akisema wakianza na pesa wataonekana wamekuja kuomba.

Kila alipoinuka kwenda jikoni aliikunjua mikono, viganja juu, viganja chini, bila kujua kama kuna anayemtazama.

Swali la mwisho ni lake, na nilipoligeuza Kiingereza nilitambua kwamba kwenye tasnifu yangu yenye kurasa tisini halimo. Ikikwama katikati ya ukumbi saa kumi alfajiri, na fedha ziko tumboni, nani anaruhusiwa kuigusa, na nani atasimama kumtazama anayeigusa? Kikao ni Alhamisi. Ameniomba nimchapishie nakala sita.