Ndani ya Dumu

Nilikuwa mtu wa kusugua. Tulipanga chumba Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, nyumba ya wapangaji wengi na ua mmoja, na sifa yangu ilikuwa vyombo. Masizi niliyakwangua kwa stilwaya na majivu mpaka sufuria ikaonyesha sura ya mtu. Madumu ya maji niliyapangusa kwa nje nikayapanga ukutani. Ndani sikuwahi kutazama. Nilidhani chombo cha maji hujisafisha chenyewe, na wenzangu ambao vyombo vyao havikung'aa niliwadharau.

Agosti 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kikianzia Kinondoni. Usiku mmoja mwanangu akaanza kuharisha. Zahanati walikuja kusema si kipindupindu, alhamdulillahi, lakini usiku ule alilegea kama kitambaa. Aliyenigongea mlango ni bibi wa chumba cha mwisho, muuza mihogo, ambaye salamu zake nilizoea kuziitikia nusunusu. Alikuja na maji ya chumvi na sukari, akakaa nasi hadi alfajiri akimnywesha kijiko kwa kijiko. Sikuwa nimemtendea lolote la kustahili hayo.

Kulipokucha akamulika dumu kwa tochi ya simu. "Mwanangu, njoo utazame." Kuta za ndani zilikuwa na ute wa kijani. Akapitisha kidole kwenye shingo ya dumu, kikatoka kinateleza. Hakunisema. Aliokota kokoto ndogo pale walipokuwa wakijenga ghorofa, akaziosha, akazitia dumuni na sabuni ya unga na maji kidogo, akalitikisa mpaka jasho likamtoka. Yaliyomwagika yalikuwa meusi.

"Vidonge vya klorini haviwezi ute," akaniambia. "Sugua kwanza, suuza, ndipo utie dawa."

Kuendelea kusugua hivyo kulinishinda mara nyingi. Maji yakikatika, ukiyapata ya mkokoteni unataka kujaza tu, na mikono imechoka. Bibi alinikumbusha bila kunisuta. Tabia ya kuchota kwa kikombe, vidole vikizama, ilichelewa zaidi kuniacha. Maji ya kunywa sasa yako kwenye ndoo ya koki yenye mfuniko.

Nilimwomba radhi kabla hajahamia kwa wanawe. Akasema hakumbuki neno baya.

Nawe ambaye madumu yako yamejipanga vizuri, jioni ya leo chukua tochi umulike. Ukikuta ute, usijifiche. Kokoto hazikosekani Kariakoo, kila kona wanajenga.