Sukari na chumba cha kulala (Sehemu ya 4)

Kina mama, na kina baba mnaosoma kupitia simu ya mke, karibuni pia. Tumeshaongea sukari na chakula, sukari na ujauzito, sukari na macho. Leo naingia kwenye lile mnaloniuliza pembeni, mkishaangalia kwamba hakuna anayesikia: sukari na nguvu za kiume.

Kuna mama alikuja zahanati kumchanja mtoto surua ya miezi 9. (Ameniruhusu kusimulia, na mambo mengine nimeyabadilisha asijulikane.) Chanjo ikaisha, yeye haondoki. Wenzake walipotoka akaniambia kwa Kiiraqw, sauti ya chini: "Nesi, baba watoto anakwepa kitanda. Nadhani ana mtu Katesh."

Huku Gendabi sababu hazikosekani. Mama mkwe alishasema kijana amelogwa. Mume mwenyewe alisema ni mawazo, tangu yale maporomoko ya matope ya tarehe 3 Desemba 2023 yalipopita shambani kwake. Na mawazo kweli yanaweza kumwangusha mwanaume, hilo sibishi.

Nikamuuliza maswali mawili tu. La kwanza, asubuhi anaamkaje? Mwanaume ambaye shida yake ni mawazo tu, mara nyingi usingizini au alfajiri mwili wake bado unaamka wenyewe. Akasema hiyo haipo siku nyingi, na ilipotea polepole, haikukatika siku moja. La pili, usiku anatoka nje mara ngapi kukojoa? "Mara nne, mara tano. Na kidumu cha maji kiko pembeni ya kitanda."

Nikamwambia, mama, usigombane naye leo. Mwambie aje kesho asubuhi kabla hajanywa chai.

Alikuja, kofia imeshuka mpaka machoni. Kipimo cha kidole kikasoma 14.2. Kabla ya kula, kuanzia 7.0 tayari tunaongelea kisukari. Presha nayo ilikuwa juu. Kumbe yule "mtu wa Katesh" alikuwa sukari. Hakuwa anajua kwamba anaumwa. Dalili ya kwanza iliyomtia hofu ilikuwa hiyo ya kitandani, na ndiyo aliyoificha.

Sasa inakuwaje? Uume husimama kwa sababu damu inajaa na kubaki pale. Mishipa ya fahamu inapeleka taarifa, mishipa ya damu inafunguka. Sukari ikikaa juu miaka, inaharibu yote miwili. Ni kama maji ya mserereko kutoka mlimani: bomba likiziba taratibu, huku chini utafungua koki na kupata matone. Hamu anaweza kuwa nayo, na mke anampenda, ila damu haifiki.

Wala si yeye peke yake. Pale kliniki ya kisukari Muhimbili walichunguzwa wanaume 312, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: zaidi ya nusu walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Hao ndio waliokubali kuulizwa.

Kina mama, hapa naomba msikilize vizuri. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi inaanza kuziba mapema. Mwanaume anayeishiwa nguvu leo anaweza kuwa anapewa taarifa ya moyo wake wa miaka inayokuja. Ukinyamaza kulinda heshima yake, unaweza kumpoteza baba wa watoto.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Apime sukari na presha. Kama ana sukari tayari, aulizie kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi kama 3. Wengi tunalenga chini ya asilimia 7.

2. Sigara aache, pombe apunguze. Atembee kila siku, apunguze tumbo. Na wewe unayepika, punguza kilima cha ugali, ongeza mboga na maharage. Sukari kwenye chai iishe kwa familia nzima, asijione anaadhibiwa.

3. Asiache dawa za presha kimyakimya. Ni kweli baadhi yake zinaweza kupunguza nguvu, lakini daktari anaweza kumbadilishia. Kuziacha mwenyewe ni kuita kiharusi.

4. Asinunue vidonge vya mnadani wala vumbi la Kongo. Dawa halali ipo: sildenafili, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, inatumika tangu 1998. Ila aandikiwe na daktari. Ikikutana na dawa ya kifua ile ya kuweka chini ya ulimi, presha inaweza kuporomoka akafa. Na hizo za unga zisizo na maandishi, hujui ndani wameweka nini.

5. Nendeni wawili. Mwanaume akiwa peke yake atamwambia daktari mgongo unauma.

Yule baba alianza dawa za sukari, tukampa rufaa Katesh kwa uchunguzi zaidi. Sitawadanganya kwamba alipona baada ya wiki. Miezi kadhaa sukari ilikuwa inashuka na kupanda. Nguvu zimerudi kiasi, siyo kama za ujana. Ila mkewe aliniambia kilichobadilika kwanza: usiku ule ule wa kipimo, mume alirudi kulala chumbani. Hawakufanya lolote. Waliongea tu mpaka jogoo.

Mwenye mume anayekwepa, kabla ya kupekua simu yake, mlete kwenye kipimo. Ni tone moja la damu. Na mlango ukishafungwa, yanayosemwa kwa nesi yanabaki kwa nesi.

Sehemu ya 5 tutaongea sukari na miguu: kwa nini asitembee peku shambani. Usiku mwema.